Bi Maji Mawili na Mikunjo Yake

Kwanza tuelewane kuhusu majina, maana mama huyu aligombana na watu wazima kwa ajili ya majina, na hakuwa mtu wa kugombania upuuzi.

Kangaga mnalijua. Ni lile gugu la mabondeni linalopenda kivuli na unyevu, lenye majani kama manyoya ya ndege. Ng'ombe hulipita. Mbuzi hulinusa akaliacha, na mbuzi, tukubaliane, si mnyama wa kuchagua chakula. Lakini chipukizi lake changa hutoka ardhini limejikunja lote kama mkia wa kinyonga, na hilo, kabla halijafunguka, ndilo linaloliwa. Mama mzazi wa Bi Maji Mawili alimfundisha kuliita kwa majina matatu. Likiwa bado bondeni ni kangaga. Likishachumwa likatiwa kikapuni ni ngumi. Likishachemshwa maji yakamwagwa, likachemshwa tena na maji yakamwagwa tena, hapo ndipo linaitwa mkunjo, na hapo ndipo mtu anaruhusiwa kusema ana njaa. Ukimwambia kwamba yote hayo ni kitu kilekile, anakuuliza kama nyumbani kwako mnakula mpunga.

"Mpunga, mchele, wali," alikuwa akisema, akihesabu kwa vidole. "Hivyo vitatu unavijua, hujawahi kukosea hata siku moja. Basi na vyangu vijue."

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye miaka sitini na miwili na sauti iliyozoea kushindana na kelele za sokoni. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na doa la kahawia ambalo sabuni ilishalikatia tamaa, kwa sababu ngumi huvunjwa kwa kidole, hazikatwi kwa kisu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na huko lilibaki. Hilo la Maji Mawili alipewa na wateja, wengine kwa mapenzi na wengine kwa hasira ya kusimamishwa.

Maana aliwasimamisha kweli. Mahali pake palikuwa mwisho wa safu ya mboga, karibu na mtaro: jiko moja la mkaa, sufuria kubwa, ndoo mbili za maji safi na beseni moja jeupe. Ukitaka mikunjo, unasimama. Unaziona ngumi zikiingia sufuriani kijani kibichi. Unasubiri zichemke. Anaipua, anamwaga maji yale kwenye beseni jeupe, nawe unayaona yalivyo, mekundu meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. "Umeona?" anauliza. Unajibu umeona. Yanaenda mtaroni. Anaweka maji mengine, yanachemka, anayamwaga kwenye beseni lilelile, na safari hii unaona hadi chini. "Umeona?" Umeona. Hapo ndipo anakufungia, unakwenda kukaanga na kitunguu chako kwa amani.

Asiyeyaona maji hauziwi. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa miaka mingi, alijaribu siku moja kumharakisha. "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama," alisema.

"Kwa vitu vya wengine," akajibiwa. "Kwa hiki changu, asiyengoja ndiye anayeumia tumbo."

Mwalimu akasimama mpaka mwisho, kama wanafunzi wake walivyokuwa wakisimama.

Miaka thelathini na minne ilikwenda hivyo. Kisha soko likajengwa upya. Paa jipya, sakafu ya vigae, meza za zege zenye namba, mabomba ya maji kila kona. Watu walifurahi, na yeye alifurahi. Kunyeshewa si sifa. Wiki mbili kabla ya kufunguliwa, karani wa soko alipita na faili lake akigawa meza. Alikuwa kijana mwenye adabu, shati limenyooshwa, kila neno lake linaanza na samahani. Alimpa Bi Maji Mawili karatasi ya kutia sahihi, pamoja na kibao kidogo cha plastiki cha kuning'iniza juu ya meza. Kibao kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa: MKUNJO MBICHI.

Alikisoma. Akakigeuza kuangalia kama upande wa pili kuna maneno ya akili zaidi. Hayakuwepo.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Samahani mama, ni bidhaa yako. Ndani ya ukumbi moto hauruhusiwi kwenye safu ya mboga. Kila mtu atauza mbichi. Mteja ataenda kuchemsha mwenyewe kwake."

"Wali mbichi umewahi kuuona?"

"Samahani?"

"Nimekuuliza, wali mbichi umewahi kuuona? Mtu akikuandikia kibao, wali mbichi, utamwelewa?"

Karani alicheka, akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Alimrudishia kibao, akamwambia kwamba hakuna kitu duniani kinachoitwa mkunjo mbichi. Kwamba mtu atakisoma kile kibao, aone neno mkunjo, ajue ni chakula, apeleke nyumbani, atie kwenye mafuta, na kesho yake familia nzima iwe inapokezana chooni ikiwa ina bahati. "Kama unataka kuniandikia ngumi, niandikie ngumi. Lakini ngumi mimi siuzi. Nauza mikunjo, na mikunjo haipatikani bila moto."

"Samahani mama, sheria siyo yangu."

"Na sumu siyo yangu. Lakini mimi nimeishughulikia."

Karani alimwachia karatasi. Kikao cha kamati ya soko kilikuwa Alhamisi, akasema, na asiyetia sahihi kabla kikao hakijaisha, meza yake ingepewa mtu mwingine. Jambo lilikuwa wazi hivyo: atie sahihi auze mbichi, au apoteze mahali alipoketi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Wifi yake alikwishatia. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, walikaa nyumba moja, walichuma bonde moja, na walitaniana tangu siku ya kwanza ya ndoa bila kupumzika. Wifi aliuza mboga za majani, alikuwa na meza namba kumi na tisa na kibao chake alishakining'iniza sebuleni kwanza, ajizoeze kukiona.

"Wewe wifi kichwa chako ni jiwe," alisema usiku ule wakimenya kitunguu. "Kaka yangu alioa jiwe. Tia sahihi. Mteja ana kichwa, ana jiko, ana maji. Mwambie achemshe mara mbili, basi, umemaliza kazi yako."

"Nitamwambia. Naye atamwambia mkewe?"

"Kama hamwambii, ni shauri lake."

"Tumbo la mkewe ni shauri lake yeye?"

"Basi chemsha hapa nyumbani, uende nazo tayari kwenye mifuko. Mbona hilo ni rahisi? Hakuna moto sokoni, kibao wanabadilisha, umeshinda."

  Bi Maji Mawili aliendelea kumenya kitunguu mpaka kikabaki kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akasema tu, "Nyumbani, hapana," akaenda kulala. Wifi aliamini ni ukaidi. Na mimi ningeamini hivyo.

Alhamisi saa nne asubuhi kamati ilikaa chumba cha juu, penye meza ndefu na madirisha yanayoangalia mtaro. Watu saba na karani wao. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la nafaka, mtu mnene mpole, anayependa watu waondoke wameridhika. Bi Maji Mawili aliingia na chupa ya chai kwapani. Alisalimia vizuri, akaulizia watoto na wajukuu, kisha akapanga vikombe vilivyokuwa mezani na kumimina. Mvuke ukapanda, rangi nzuri. Mwenyekiti, ambaye hajawahi kukataa cha moto, alishukuru akainua kikombe.

Kilifika mdomoni. Hapo mama akaweka kiganja chake juu ya kikombe, kati ya kikombe na mdomo wa mwenyekiti, wala hakukiondoa.

"Usinywe, baba. Hayo ni maji ya kwanza."

Mjumbe mmoja alikitua chake kwa kishindo kikamwagikia faili. Mwingine, aliyekuwa ameyagusa kwa ulimi kidogo tu, alikimbilia dirishani kutema mate, na kelele zake huko chini watu walizisikia wakauliza kuna msiba gani.

"Mama, ulitaka kutuua?" mwenyekiti alisema, na upole ulikuwa umepungua.

"Nimekuzuia. Mtu atakayenunua chini ya kile kibao, nani atamzuia? Mkono wangu utafika jikoni kwake? Nyie watu wazima saba, mna miwani na elimu, mmeangalia hiki kitu mkaona chai. Sasa mnataka mama mwenye watoto wanaolia aone nini?"

Walitazamana. Mwenyekiti alisogeza kikombe mbali kwa ncha ya kidole, akavuta pumzi, na upole wake ukarudi wote.

"Umetufundisha. Kibao kile tutakitoa, karani andika. Na wewe, mama, sisi tunakujua. Miaka thelathini na zaidi hakuna aliyewahi kulalamika. Wewe ni mtu mwaminifu. Chemshia kwako, lete zikiwa tayari, tutakuandikia mkunjo, meza yako iko palepale. Hatuhitaji kuona maji. Tunakuamini."

Wajumbe wakaitikia. Mmoja hata alipiga meza kwa furaha. Ilikuwa heshima kubwa, na ilitolewa kwa moyo safi. Mtu mwingine angeshukuru, angetia sahihi, angerudi nyumbani akiimba.

Yeye alibaki amesimama. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake, na doa la kile kidole gumba likaonekana jeusi zaidi kwa jinsi alivyokibana.

"Msiniamini," alisema.

Mwenyekiti alidhani hakusikia vizuri.

"Nasema msiniamini. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu alikuwa anachemshia nyumbani wakati huo, uani, anapeleka zikiwa tayari, kama unavyotaka wewe. Naye watu walimwamini, kuliko mnavyoniamini mimi. Siku moja akashikwa na homa, akaniachia sufuria. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu, na wenzangu walikuwa nje wanaruka kamba. Maji ya kwanza nilimwaga. Ya pili sikuyaweka. Mama akaniuliza kutoka kitandani, 'Mawili?' Nikamwambia, 'Mawili.'"

Alikishika kiti vizuri zaidi, akaendelea. 

"Alizinunua mke wa fundi viatu. Alikuwa ananyonyesha. Alilala siku nne, hakuna kinachokaa tumboni, maziwa yakamkauka. Mtoto alikua kwa uji wa kuazimwa. Waliishi, msiniangalie hivyo, waliishi wote wawili. Lakini yule mama alipopona alikuja kwetu, akasimama mlangoni, akamuuliza mama yangu, 'Nilikukosea nini?' Mama hakuwa na jibu, kwa sababu hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Ulikuwa mtoto," mwenyekiti alisema taratibu.

"Nilimwambia mama jioni ile. Hakunipiga. Angenipiga ningesahau. Siku ya soko iliyofuata alibeba jiko na sufuria akaenda kuchemshia mbele za watu, na watu wakadhani ni mbwembwe za biashara. Ndiyo haya mnayoyaona. Sasa unasema nilikuwa mtoto. Ni kweli. Na leo ni mzee. Mzee naye huchoka. Mzee naye hunyeshewa mkaa, hushikwa na homa, husinzia. Nikiwa nyumbani peke yangu, siku mkaa umelowa na mgongo unaniuma, mimi najijua, naweza kusema mawili. Mbele za watu siwezi. Mimi siombi kuaminiwa. Naomba mahali pa kuangaliwa."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu mwingine yeyote. Mumewe alizikwa bila kujua. Miaka hamsini na mmoja alikuwa ameibeba siri hiyo kama mtu anavyobeba jiwe kwenye kiatu, na sasa ameitoa mbele ya watu saba ambao nusu yao hawajui hata jina lake. Alijisikia uchi. Alijisikia pia mwepesi, na hilo lilimkasirisha, kwa sababu hakuja pale kujisikia mwepesi. Alikuja kutafuta mahali pa kuweka jiko.

Nao hawakumpa. Tusiwapake rangi mbaya: walibishana karibu saa nzima, mjumbe mmoja alifuta macho kwa leso, lakini paa lile lilikuwa jipya, sheria ya moto imegongwa mhuri, na wakimruhusu mmoja, kesho wauza chapati wangekuwa ndani na majiko yao. Wawili walimuunga mkono, watano wakakataa. Mwenyekiti alitangaza kwa sauti ya chini. Akamwambia nafasi ya kuchemshia nyumbani bado ipo, meza ni yake, atie tu sahihi. Karani akamsogezea karatasi na kalamu.

"Kalamu nzuri hii," Bi Maji Mawili alisema, akaichunguza, akaiweka chini. "Leo haina kazi kwangu."

Akakusanya vikombe vyote saba kimoja kimoja, akavimwagia dirishani mtaroni, akaviosha bombani mara mbili kwa sabuni, akavirudisha mezani. Akashuka ngazi bila kushika ukuta.

Habari zilimtangulia kufika nyumbani, kama kawaida ya habari. Wifi alikuwa mlangoni.

"Kwa hiyo umekataa kuaminiwa," alisema. "Watu huomba waaminiwe kwa machozi, wifi yangu anaaminiwa anasema hapana." Alitaka iwe mzaha, lakini haukutoka mzaha. "Mbona mimi hukuniambia? Miaka yote hii tunalala ukuta kwa ukuta."

"Ungenitania."

"Ningekutania," wifi alikubali. "Halafu ningenyamaza."

Jumatatu soko jipya lilifunguliwa. Vigae viling'aa, mabomba yalitoa maji, watu walizungukazunguka ndani wakitafuta wauzaji wao waliozoea kuwakuta kwa harufu na sasa inabidi wawatafute kwa namba. Nje ya lango, pale mtaro unapopita chini ya barabara, ambapo si ndani ya soko wala si barabarani, Bi Maji Mawili alikuwa ameweka matofali matatu, jiko, sufuria, ndoo mbili na beseni. Hakuwa na meza, kibali wala paa. Jua lilimpiga utosini, na alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu aliyekuja kukaa. Mwalimu mstaafu ndiye aliyemwona wa kwanza.  Alisimama mahali pake, mikono nyuma. Mama mmoja mwenye kikapu akasimama nyuma yake, kisha dereva aliyekuwa akipita, ambaye hajawahi kula mikunjo maishani mwake ila hupenda kujua watu wanaangalia nini.

Wifi alitoka ndani akidai amekuja kuazima ndoo. Alipewa ile iliyokwisha maji. Hakuondoka nayo, aliigeuza akaikalia.

"Na meza yako?" Bi Maji Mawili alimuuliza.

"Ipo. Ya zege, itakwenda wapi?"

Saa tatu karani akatokea langoni. Shati lilikuwa limenyooshwa, mkononi ana karatasi yenye mhuri, na nyuma yake, kwa mbali, mlinzi wa soko aliyekuwa akijifanya anaangalia kitu kingine.  Karani alikuwa kwenye kile kikao. Ndiye aliyeandika kila neno lililosemwa, na usiku ule hakulala vizuri. Lakini karatasi ni karatasi.

"Samahani mama," alianza. "Nimeagizwa nikusomee hii. Mahali hapa hapana kibali. Unatakiwa uondoe—"

Sufuria ilikuwa imechemka. Bi Maji Mawili alikuwa ameshaishika kwa vitambaa viwili, wifi upande wa pili, mvuke umewajaa usoni. Watu kumi, kumi na wawili, walikuwa wamesogea, shingo zimenyooka kuelekea kwenye beseni jeupe. Karani, kwa kutafuta mahali pa kusimama na karatasi yake, alikuwa amesimama kati yao na beseni.

Bi Maji Mawili alimtazama. Hakumtukana, hakumwomba, wala hakumuuliza karatasi inasema nini.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Unawaziba watu, hawaoni maji."

Karani akasogea.